Hati ya Kiapo Yenye Majina Mawili

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Natumaini hapo Kolandoto mko wazima, mguu wa Mama umepata nafuu, na mvua imewakumbuka. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mbovu. Siku nne nimeshindwa kukuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu yanakuja matusi, na wewe ni mkubwa wangu. Leo nitajizuia, lakini usitegemee sana.

Ile hati ya kiapo uliyonitumia ilifika. Imeniharibia kila kitu.

Nikueleze tena taratibu, maana naona barua yangu ya kwanza uliisoma juu juu. Kazi yangu hapa chuo kikuu ni ya mkataba wa miezi tisa. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza habari za miamba, mawe yale yale ya Geita ambayo Baba aliyavunja nusu ya maisha yake. Kila mwezi wa nne naenda kwa mkuu wa idara kuuliza kama mwaka ujao nitakuwepo, naye anatabasamu na kusema tutaona. Nimeambiwa tutaona mara tatu sasa. Hata ofisi ninayokalia ni ya mtu aliyeko likizo. Picha ya mbwa wake iko mezani na sina ruhusa ya kuiondoa.

Kupata ukaazi wa kudumu hapa Kanada, mtu kama mimi ana njia mbili. Ya kwanza ni kupitia chuo, mkuu wa idara aandike barua kwamba wananihitaji. Nilimwomba. Akasema, "Barua hiyo tunawaandikia wenye kazi ya kudumu." Nikamuuliza kazi ya kudumu wanapewa akina nani. Akasema wenye ukaazi wa kudumu ndio wenye nafasi nzuri zaidi. Alisema hivyo bila hata kucheka. Nilipotoka nilibamiza mlango wake mpaka karani akashtuka kitini, na sijaomba radhi.

Njia ya pili ni kujiombea mwenyewe, kwa elimu yangu, umri wangu na lugha ninazojua. Hapo humpigii mtu magoti. Ila makaratasi yote lazima yakamilike kabla ya mwezi wa sita, kwa sababu mkataba ukiisha na kibali cha kukaa kinaisha siku hiyo hiyo. Nikachagua hiyo, na unajua kwa nini. Wewe ndiye uliyebeba kitanda. Baba alikaa mgodini kwa mikataba ya mwaka mwaka, na siku kazi ilipokwisha tukaambiwa nyumba si yetu. Mama alipakia kuku kwenye lori na chungu cha maharage kikiwa bado cha moto, na mwenye funguo amesimama mlangoni anangoja tutoke. Niliapa sitangojwa tena mlangoni na mtu mwenye funguo.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha kuzaliwa, ambacho sina, kama wenzangu wengi wa enzi zile. Nikakuomba jambo moja tu, Kaka. Umpeleke Mama kwa hakimu mjini Shinyanga, aape kwamba alimzaa Doto. Basi. Nafungua bahasha nakuta: "Naapa kwamba niliwazaa Kulwa na Doto, pacha, wote wasichana." Muhuri upo, sahihi ya hakimu ipo, dole gumba la Mama lipo. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Kulwa alifariki.

Kile kikaratasi ulichoniandikia kikafuatana nayo ndicho kilichonimaliza. Unasema karani aliuliza anayeandikiwa ni nani, Mama akajibu Kulwa na Doto. Ukamnong'oneza kwamba anayehitaji ni Doto peke yake, naye akakujibu mbele ya watu: "Kweli gete, Masanja, lini nimempa Doto kitu nikamnyima mwenzake? Waandikwe wote, au unirudishe nyumbani." Karani akauliza kama wote wako hai, na wewe, mwanamume mzima mwenye watoto wanne, ukaangalia dari. Eti hukuweza kulitamka neno lile Mama akiwa amekaa pale. Ulimpakia kwenye karia ya baiskeli kutoka Kolandoto mpaka mjini, ukashinda na njaa kwenye foleni ya mahakama, halafu neno moja likakushinda.

Sikuwa na muda wa kuomba nyingine, nikaipeleka hivyo hivyo. Wiki iliyopita nikaitwa uhamiaji. Afisa ni mtu mpole, na upole wake ndio uliozidi kunitia hasira. Akaweka hati yenu huku na fomu yangu kule. "Mama yako anasema una pacha. Wewe umeandika una ndugu mmoja, Masanja. Huyu pacha yuko wapi?" Nikamwambia alikufa tukiwa na miaka saba. Akataka cheti cha kifo. Nikamwambia kwetu, wakati ule, mtoto akifa kwa surua alizikwa tu, hakuandikiwa. Akaniambia anayeficha ndugu anaweza kunyimwa, maana huyo ndugu anaweza kuja kesho na karatasi hizo hizo. Yaani Kulwa aje na ndege. Nilitaka kucheka nikajikuta nalia mbele ya mzungu, na hilo nalo nimekuhesabia wewe.

Nilirudi chumbani nikashindwa hata kula. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia na Mama. Nani aliwahi kuniuliza kama napenda kuishi kwa wawili? Siku naanza shule Mama alishona magauni mawili, moja nikavaa, la pili likaingia sandukuni. Akichoma mahindi, moja la Kulwa linawekwa kando na ole wako uliguse. Nilipochaguliwa sekondari majirani walikuja kunipongeza, Mama akawajibu, "Ndiyo, wamefaulu." Nilifaulu mimi, Kaka. Nilisoma mimi, kwa kibatari, macho yakiniuma. Nilipofika huku nilifurahi, sikufichi, kwamba mtu akiita Doto anamwita mtu mmoja tu.

Jana nikaitoa nakala ya fomu yangu nione nilivyoandika, ili nipate namna ya kukusema vizuri zaidi. Swali la kumi na moja linasema: taja ndugu zako wote, walio hai na waliofariki. Waliofariki, Kaka. Na sikuwa na haraka siku ile, nakumbuka nilikuwa na kikombe cha chai pembeni. Nililisoma swali, nikaandika Masanja, nikapiga mstari chini yake. Mama alikwenda kwa hakimu na mguu wake mbovu akasema aliwazaa wawili, na ni kweli aliwazaa wawili. Wewe ulinyamaza. Lakini uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi ni wangu.

Usidhani kwa hiyo nimekusamehe. Bado.

Sasa sikiliza. Nimeongezewa siku hadi mwisho wa mwezi wa tano. Afisa anasema njia rahisi ni hati mpya yenye jina langu peke yake, nami nieleze kwamba ya kwanza Mama alikosea. Usiifanye hiyo. Rudi kwa hakimu, majina yabaki mawili, na chini yake waongeze kwamba Kulwa alifariki akiwa na miaka saba na amezikwa nyumbani, nyuma ya zizi. Kulisema hilo Mama akiwepo ni kazi yako. Akitaka kulisema mwenyewe, mwache aseme. Kisha itume kwa rejesta siku hiyo hiyo. Ikichelewa, mwezi wa sita nitafungasha kama Baba alivyofungasha. Kuja nyumbani nataka, na nitakuja, lakini nije kwa kupenda, nisije kwa kutolewa.

Nisalimie wifi yangu, mke wako mwenye subira, maana anaishi na wewe. Mjomba wa Kagongwa aliyenilipia nauli ya sekondari mpe shikamoo yangu, na watoto waambie shangazi yao hajawasahau. Mama umpe shikamoo kabla hujaanza kumsomea barua hii, na ile sehemu ya magauni uiruke.

Fomu nimeijaza upya usiku wa jana. Swali la kumi na moja sasa lina majina mawili, nimeanza na Kulwa kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Tangu nijue kuandika, na miaka yote hii ya kusoma, sikuwa nimewahi kuliandika jina lake.

Mdogo wako,
Doto