Kamera Tuliyoisahau Uani

Buyenzi, Bujumbura
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Faruk,

Assalaam alaykum. Afya vipi, na baridi ya Kanada je? Huku wazima, alhamdulillahi. Magoti yanamsumbua Mama, ila ulimi ungali mkali, unamjua.

Utacheka. Mi, fundi magari wa miaka hamsini na mbili, nasomea filamu! Kuna mafunzo ya Jumamosi kule Ngagara, na lazima mzazi aje na mtoto wake. Asiya alinisumbua mpaka nikakubali. Kosa langu ni mdomo: kila picha ninayochukua sauti yangu imo, nafoka kama niko gereji. Mwalimu wetu, binti mmoja Chanelle, ameshachoka nami. Asiya ananiambia ninyamaze nione.

Kazi ya mwisho ilikuwa kumrekodi mzee wa nyumbani. Tukamkalisha Mama uani. Akasimulia harusi yake, vitenge alivyouza kule mtaa wa Asiatique, watoto wake. Alitutaja wote isipokuwa wewe. Tangu uondoke bila kumuaga, mwaka wa kumi na moja huu, hajalitamka jina lako, na mi nilishaogopa atakufa na kinyongo hicho.

Adhana ya alasiri ikalia. Mi huyo, mbio msikitini. Asiya ndani kutawadha. Kamera ikabaki juu ya kigoda. Mi nilidhani ameizima yeye, naye alidhani nimeizima mi.

Jana tukaangalia. Mama yuko peke yake mkekani, ameshasali, mikono juu, analia.

"Ya Rabbi, mulinde Faruk wangu. Mi nilishamusamehe. Umurudishe nimuone."

Faruk, niliirudisha nyuma nikaangalia tena. Miaka yote naishi naye, kumbe sikumjua mama yangu. Asiya akanishika mkono, tukatazama mpaka mwisho.

Hatukutaka kumwibia dua yake, tukamwonyesha. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Mumutumie," akasema. "Lakini mukate pale nalia."

Asiya amekata. Usimwambie Mama nimekuandikia kuwa alilia. Video itakuja kwa simu. Nimetaka barua itangulie, usije ukafungua video barabarani. Mwanzoni utasikia mtu anafoka akitafuta kandambili zake. Ni mimi.

Shemeji yako Saliha anakusalimu sana, na Asiya pia. Allah akufungulie njia na akulinde ugenini.

Kakako asiyeacha kukupenda,
Massoudi

Mama ameniuliza leo, mara mbili, kama ndege ya kutoka huko Kanada inachukua siku ngapi.