Sababu Ambayo Sikuiandika

Jumamosi, saa kumi jioni.

Wingu zito limekaa juu ya mji wetu wa Tawa tangu asubuhi na halinyeshi. Nimekaa kitandani, viatu bado vina vumbi la njia ya Kikima. Nina hasira, na chini ya hiyo hasira kuna aibu. Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mutinda amenisaliti.

Mwaka huu kiwanda chetu cha vigae vya paa kililetewa kompyuta, na mimi ndiye karani niliyepewa kazi ya kuingiza humo kasoro za vigae. Kigae kibovu unakiandika: kimepasuka, kimepinda, kimeungua. Halafu programu inakuuliza kwa nini. Ukijibu, inauliza tena kwa nini, mpaka ufike kwenye chanzo chenyewe. Mutinda, msimamizi wetu, ndiye aliyenifundisha. Kabla yake niliogopa hata kuiwasha.

"Usikimbilie kuandika jina la mtu," aliniambia siku ya kwanza. "Uliza mpaka maswali yaishe."

Nilimwona kama kaka yangu.

Mwezi uliopita vigae vya shule moja ya Kathonzweni vilianza kupasuka ndani ya tanuri. Nilizunguka nikiuliza. Vilikuwa na maji ndani. Kwa nini? Vilikaa kwenye banda la kukaushia siku nne badala ya kumi. Kwa nini? Mutinda aliamuru vitolewe mapema, ili lori la shule likija lisikose mzigo. Nikaandika hivyo hivyo, bila ubaya wowote. Hata nilimwonyesha. Akasoma, akasema ni sawa.

Halafu mama yangu akalazwa hospitalini nikaomba ruhusa ya wiki moja. Mutinda akasema nimwachie neno langu la siri la kompyuta ili kazi isisimame. Nikampa. Nilimshukuru mpaka machozi yakanilengalenga, na Jumapili ile kanisani nikamwombea kwa jina.

Juzi Alhamisi mkurugenzi alituita wote uani. Alikuwa ameshika ripoti ya kompyuta, na shule ilikuwa imerudisha lori zima la vigae vyenye nyufa. Akasoma chanzo kwa sauti: udongo haukukandwa vizuri, uzembe wa mkandaji. Mkandaji wetu ni mmoja tu, Mama Kyalo. Kisha akasoma jina la aliyeingiza habari hiyo.

Mwende.

Mimi.

Mama Kyalo ndiye aliyeniombea kazi kiwandani. Kwenye kwaya tunasimama bega kwa bega. Mkurugenzi alimwachisha kazi pale pale mbele ya watu, na yeye hakubishana. Alivua aproni yake yenye udongo, akaikunja vizuri kana kwamba ataivaa kesho, akanitazama. Halafu akaenda zake.

Nikamgeukia Mutinda. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipojua.

Na sasa lile ambalo sitaki kuandika: nilinyamaza. Watu wote wako pale, mkurugenzi ana hasira, na mimi nikawaza kazi yangu. Nilijiambia nitasema baadaye, ofisini, kwa utaratibu. Mama Kyalo alifika hadi getini na mimi bado natafuta utaratibu.

Jana asubuhi nilimfuata Mutinda kwenye banda la kukaushia.

"Ulibadilisha ukatumia jina langu," nikamwambia.

"Mwende, ningefanya nini? Nina watoto wanne."

"Mama Kyalo hana watoto?"

"Yeye atapata kibarua mahali. Mimi nikitoka hapa nimekwisha." Halafu akanikazia macho. "Na hiyo kompyuta unayojivunia, ni nani alikufundisha?"

Ni kweli. Kila kitufe ninachobonyeza, ni yeye alinionyesha.

Nikaenda kuiwasha. Ile ripoti ilikuwa imeshafungwa, haibadilishiki tena mkurugenzi akishaipitisha. Lakini unaweza kufungua nyingine. Nikafungua, nikaandika vigae vile vile, nikajibu kila swali upya: maji, siku nne, amri ya msimamizi. Nikaongeza kwamba nilimpa mtu mwingine neno langu la siri, na kwamba uani nilijua ukweli nikanyamaza. Nikachapisha, nikapeleka kwa mkurugenzi.

Alisoma mara mbili. Akamwita fundi wa tanuri, mzee asiyependa maneno.

"Vile vigae vilikaushwa siku ngapi?"

"Nne."

"Na kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mkubwa."

Mutinda ameambiwa asirudi Jumatatu. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na nilistahili. Kisha mkurugenzi akaniambia niende mwenyewe nikamrudishe Mama Kyalo, kwa sababu ni jina langu lililomfukuza.

Nyumbani kwake ndiko nilikotoka leo. Nilimkuta akichambua mbaazi mbele ya nyumba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Hata kule kunyamaza nilimweleza. Mikono yake haikusimama hata mara moja.

Nilipomaliza alisema, "Kazini nitarudi. Kazi haijanikosea." Akapeta mbaazi kidogo. "Lakini wewe, Mwende, sikuhitaji kompyuta ikutetee kwangu. Ungesema neno moja tu pale uani, ningeondoka nimetulia."

Nimetembea njia nzima nikimchukia Mutinda. Ni rahisi kumchukia. Aliichukua imani yangu akaitumia kama koleo la kumchimbia mwenzetu shimo. Sidhani kama nitamsamehe upesi, na kwa sasa siombi hata nguvu ya kumsamehe.

Lakini Mama Kyalo hakuniuliza habari za Mutinda hata kidogo. Alichotaja ni kimya changu.

Jumatatu atakuwa kwenye shimo la udongo saa mbili kamili. Nitaenda kumsalimia mbele ya wote, kwa sauti, nimwombe msamaha pale pale uani. Anijibu, asinijibu.