Maneno Niliyompunguzia Mama Riziki

Jumatano, Februari. Theluji imekatika tangu asubuhi, njia zimebaki tope la chumvi, na viatu vyangu vyeusi vimeota mistari myeupe.

Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Haya utakayosoma yabaki kwako, kila neno. Usiyapige picha. Usiyatume kwenye grupu la kanisa wala la msikiti, hata kwa dada yako unayeambiana naye kila kitu. Kazini nimetia saini karatasi kwamba habari za wanafunzi hazitoki nje ya ofisi, na mkataba wangu unaisha Juni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu pale ofisini ni mimi peke yangu ninayekisoma. Sina kufuli nyingine.

Mimi ni karani wa shule ya msingi hapa Toronto, upande wa kaskazini. Nakaa dirishani. Napokea watoto waliochelewa, nachapa ripoti, napanga mafaili. Nina shahada, lakini haijanifundisha kuacha kutetemeka nikiitwa kwa jina langu lote.

Alhamisi iliyopita niliitwa hivyo.

Kulikuwa na mkutano wa kuamua mtoto mmoja awekwe darasa gani. Nimwite Riziki. Ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na yeye na mama yake wametoka Kongo mashariki, hawajamaliza miaka miwili hapa. Mkalimani aliyeagizwa alikuwa wa Kifaransa, maana mtu aliona neno Kongo kwenye fomu, yaliyobaki akajijazia mwenyewe. Mama Riziki hajui Kifaransa. Basi Carol, msimamizi wangu, akanitoa dirishani. Alisema ni dakika kumi tu, na kwamba nina bahati kuwa na lugha hiyo.

Mezani walikuwa watu watano upande mmoja na mama mmoja upande wa pili, na koti lake hajalivua. Mtaalamu wa saikolojia alisoma ripoti yake polepole, kwa sauti nzuri. Riziki hakujibu maswali mengi. Hamtazami mtu mzima machoni. Hashirikiani. Kisha akasoma uamuzi: mtoto ana ulemavu wa akili wa kiwango kidogo, atahamishiwa darasa maalumu katika shule nyingine, na basi dogo litamchukua kila asubuhi.

Mama Riziki akanigeukia. "Banasema nini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Wanasema Riziki anahitaji msaada wa karibu, mama. Atawekwa kwenye darasa dogo, na basi litamfuata nyumbani."

Hayo tu.

Sikutaja ulemavu. Sikutaja akili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni la aibu kwa sababu ni la kawaida mno. Nilifanya vile nilivyolelewa. Kwetu Morogoro hata msiba hautangazwi moja kwa moja. Mtu akifa, anayepiga simu anasema mgonjwa amezidiwa, njoo nyumbani. Unaposafiri unajua, lakini unajua kidogo kidogo, na unapofika mlangoni yuko mtu wa kukushika. Mimi nilimwona mama yule peke yake mezani, hana wa kumshika, ulimi ukatafuta maneno laini wenyewe. Nilisema mgonjwa amezidiwa. Tofauti ni kwamba hakukuwa na nyumbani pa kufika. Kulikuwa na kalamu.

Alitabasamu. Alisema, "Aksanti. Ninyi muko balimu, ninyi ndio munajua." Akatia saini mahali palipowekwa alama ya msalaba. Akazunguka meza akimpa kila mmoja mkono, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Kwa mtaalamu akainama kidogo.

Mtaalamu naye akafurahi. Kwa nini asifurahi?

Kesho yake asubuhi mama alikuja dirishani na kopo la aiskrimu lililojaa maandazi, bado ya moto, limefungwa kwa kitambaa. Ni ya balimu, alisema, kwa kumsaidia mtoto. Carol alikula mawili akiwa amesimama. Akasema, na mdomo umejaa, "Mwambie alete kila mkutano!" Wote wakacheka. Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kutojificha hapa: nilicheka, na nikala moja.

Riziki ndiye anayeleta folda ya mahudhurio ya darasa lao. Husimama kwa ncha za vidole ili pua ifike dirishani. Jumatatu alikuja kama kawaida, akaiangalia orodha yangu ikiwa kichwa chini kwake, akasema, "Dada, umeandika Grace mara mbili. Grace ni mmoja tu."

Nikatazama. Kweli.

"Mbona unaandika polepole hivyo," akaniambia. "Unaogopa kompyuta?"

"Naogopa Carol," nikamjibu, akacheka mpaka akashika ukingo wa dirisha.

Nikapata nguvu ya kumuuliza. Yule mama wa picha, aliyekaa nawe chumbani siku ile ya kukupima, kwa nini hukumjibu?

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeshindwa mtihani. "Ule mama alikuwa anajua. Kitabu ni yake. Ananionyesha ng'ombe, anauliza ni nini. Nikaona ananipima adabu."

Mtoto aliyefundishwa kutojitia ujuaji mbele ya mkubwa ameulizwa na mkubwa jambo ambalo mkubwa analijua. Akanyamaza kwa heshima, macho chini, vizuri kabisa kama alivyofunzwa. Na heshima yake yote imechapwa kwenye ukurasa wa pili wa ripoti, kwa vidole vyangu, kuwa dalili.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Muhula huu huu nilichapa ripoti ya mtoto mwingine wa rika lake, wa mtaalamu huyo huyo. Mtoto huyo ni mzungu, na wazazi wake walikuja wote wawili, baba na daftari la kuandikia. Naye hakujibu maswali mengi. Naye alitazama chini. Kwake imeandikwa kwamba ni mwenye haya, ana wasiwasi katika mazingira mapya, apimwe tena baada ya miezi kadhaa atakapozoea.

Kimya kile kile. Nilizichapa zote mbili na sikusimamisha vidole.

Shule yetu nayo ina darasa la namna hiyo, mwisho wa korido, karibu na chumba cha tanuri la kupasha jengo joto. Kila asubuhi mabasi madogo yanashusha watoto wake, nami nawafungulia mlango. Wapo wanaohitaji kabisa darasa lile, na mwalimu wao anawapenda. Lakini nyuso nyingi zinazopita pale mlangoni ni za rangi yangu. Sijahesabu. Naogopa nikihesabu nitakuwa najua, na nikishajua nitatakiwa kufanya kitu. Ninalolijua bila kuhesabu ni hili: barua za kumwingiza mtoto darasa lile nimechapa. Ya kumtoa, bado.

Jana nilijaribu. Nilimwambia Carol kwamba siku ile sikutafsiri kila kitu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo tangu kituo cha basi, na bado ilitoka vipande vipande. Carol si mtu mbaya. Alifunga mlango kwanza. Akasema mama alitia saini akitabasamu, nakala ya barua anayo, na akitaka kupinga ana muda mpaka Ijumaa kuomba mkutano mwingine. Kisha akashusha sauti: nisijitafutie matatizo kabla ya Juni, na nisimpigie simu mzazi kuhusu uamuzi bila kutumwa. Karani anajibu anachoulizwa. Hilo tu.

Barua aliyo nayo mama ni kurasa nne za Kiingereza.

Namba yake ya simu iko kwenye kompyuta yangu. Leo nimeifungua mara tatu. Mara ya tatu Carol alipita nyuma yangu na nikaifunga haraka sana, hata akacheka akauliza kama naangalia nguo za kununua. Nikasema ndiyo. Nimefika umri huu na bado nasingizia nguo.

Saa ya chakula nilibaki na ile barua. Nikaitafsiri kwa mkono, kurasa zote nne, pamoja na ile aya ndogo ya mwisho inayosema mzazi akikataa afanye nini na kabla ya siku gani. Nilipofika kwenye neno ulemavu niliweka kalamu chini, nikanywa maji, nikaliandika. Sijui ni kosa kubwa kiasi gani. Sijui kama nitakuwa na ujasiri wa kuitoa kwenye droo ya chini. Nikimngoja Riziki kesho nimpe aipeleke, nitakuwa nimembebesha mtoto wa miaka minane karatasi inayosema akili yake ni pungufu, naye anasoma kila kitu, hata kikiwa kichwa chini.

Kwa hiyo naandika hapa, kama mtu anayepiga kelele ndani ya mto wa kulalia.

Nimesema yabaki kwako, na bado nasema hivyo, isipokuwa kwa mtu mmoja. Kama unamjua mama wa Kongo anayefanya zamu ya jioni kwenye maghala ya uwanja wa ndege, ambaye binti yake anaanza kupanda basi dogo Jumatatu, msomee. Jina nimelibadilisha. Maandazi sikuyabadilisha, atajijua.

Mama, njoo kesho au Ijumaa, saa sita mchana. Carol hutoka saa hiyo, na zamu yako inakuwa bado. Bonyeza kengele ya mlango wa mbele, useme jina lako tu. Usijisumbue kupanga maswali kichwani kwa Kiingereza, mimi nipo. Ukimkuta mtu mwingine dirishani, kaa kwenye benchi la bluu usubiri, hata kama anakuambia anaweza kukusaidia. Usiseme umesomewa kitu popote. Sema umefuata kopo lako. Kisha uniulize, kwa sauti, barua ya binti yako inasema nini. Lazima uulize wewe. Ukiuliza, naruhusiwa kujibu.

Kopo liko kwenye droo yangu ya chini, nimeliosha. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.