Nimewalisha Kuku Mashudu ya Pamba, Lawama Imemwangukia Binti Yangu

Mpendwa mshauri wa ukurasa huu, msaada wako nauhitaji kabla ya Pasaka, maana Pasaka ndipo binti yangu Dorcas anarudi kutoka chuo cha mifugo, yuko mwaka wa pili, na katika ukoo wetu wote, wa huku Nyegezi na wa kule Sengerema, hakuna mwingine aliyefika chuo, hata wa kiume hayupo, mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, lakini lile la zamani, ndiyo maana unaona mwandiko wangu haujapinda.

Nina kuku wa mayai sabini. Likizo iliyopita Dorcas aliniandikia kwenye karatasi namna ya kuchanganya chakula chao, mahindi ya kuparaza kiasi gani, pumba kiasi gani, mashudu ya alizeti, dagaa, makombe ya kusaga na chumvi kidogo, nikaibandika sebuleni karibu na picha ya ubatizo wake ili kila mgeni aione, na kuku wakataga mpaka nikakosa pa kuweka mayai, na kila aliyeniuliza siri nilimjibu, "Siri ni Dorcas."

Basi dagaa wakaadimika, siku hizi za soko huria malori yanapanga foleni mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, yanawabeba kabla hata hawajakauka vizuri, nikamkumbuka shemeji yangu Ngosha wa Sengerema, anawalisha maksai wake mashudu ya pamba kutoka kiwanda cha kukamua mafuta, na wanang'aa utadhani wamepakwa samli. Nikajiambia, kinachomnenepesha dume la ng'ombe kitamshindaje kuku? Nikatoa dagaa, nikaweka mashudu ya pamba, tena kwa mkono wa ukarimu, na Dorcas sikumwandikia, mama mzima niombe ruhusa kwa mtoto niliyemnyonyesha?

Mayai namuuzia Maulida, ana hoteli ndogo pale Kigongo, abiria wanaosubiri pantoni wananunua kwake chai, chapati na mayai ya kuchemsha. Wiki ya tatu akaja mwenyewe kwangu na ndoo ya mayai, hata kukaa hakukaa.

"Mama weee, abiria kamega yai mbele ya watu, kiini rangi ya mlenda! Wamenicheka mpaka pantoni imeondoka. Wananiuliza kama kuku wangu wanakunywa rangi ya madirisha!"

Nikachukua yai la asubuhi ile nikalivunja kwenye sahani, kiini safi kabisa. Nikamwambia, "Hayo umenunua kwingine, usinisingizie." Kumbe, mshauri, yai likiwa la leo halionyeshi kitu, juzi nimekuta mayai niliyoyasahau kabatini wiki mbili, nikavunja moja, nikavunja la pili, yote yaleyale ya mlenda.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Siku ile Maulida alipokuwa anatoka aliitazama ile karatasi ukutani akasema, "Aa, basi ni huyo msomi wako. Kasomea kuharibu mayai." Na mimi nikanyamaza. Mdomo ninao, wote wananijua, nikanyamaza. Sasa maneno yamemfikia Teodora, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, waliokuwa wamekubali Dorcas akija awafundishe wote kuchanganya chakula cha kuku, na Teodora anasema ni afadhali watafute mtaalamu mtu mzima. Wengine wanasema nimerogwa, hilo ningelivumilia. Nifanye nini mimi? Niseme dagaa walikuwa wabovu? Niseme kuku wameugua? Tafadhali jina langu lifiche.

Mama wa Nyegezi

JIBU

Pole, mama mwenzangu. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa umemtaja Dorcas kila mahali na sijui nani hapo Nyegezi atashindwa kumjua mama yake. Ila tazama ulichofanya: la kwako linafichwa, la mtoto umeliacha juani.

Nianze na kuku, hao ndio wepesi. Nimemuuliza bwana mifugo mmoja ninayemwamini, akaniambia kosa lako analikuta kila mwaka huku kwetu kwenye pamba. Mbegu ya pamba ina sumu yake. Ng'ombe mkubwa anacheua, tumbo lake linaimudu. Kuku hana tumbo hilo. Sumu inaingia kwenye kiini, na yai likikaa ndipo rangi inageuka. Hujarogwa, wala Maulida hakukusingizia. Acha mashudu hayo leo. Si gunia likiisha, leo! Mpelekee Ngosha. Mayai usiuze kwa mwezi mzima hivi, kisha weka machache kabatini wiki mbili, uyavunje mwenyewe. Yakiwa safi, rudi sokoni. Na dagaa wakikosekana tena, mwandikie aliyekuandikia, akupangie kingine. Karatasi ile si picha ya ubatizo.

Sasa wewe. Eti useme dagaa walikuwa wabovu? Dagaa gani, mama, na hawakuwemo? Mayai yalipokuwa mazuri ulitangaza jina la mtoto, yalipoharibika ukamwachia jina hilohilo abebe peke yake. Najua hukukusudia, aibu ilikuwahi. Lakini mdomo uliomsifia ndio utakaomsafisha.

Jumamosi hii nenda Kigongo. Usimvute Maulida pembeni. Yeye alichekwa mbele ya abiria, nawe mtake radhi hapohapo mbele ya abiria. Mwambie: "Dorcas aliandika dagaa, mimi niliweka pamba." Maneno sita tu. Ukitoka hapo, yapeleke hayohayo kwa Teodora, mbele ya kikundi chote. Kisha mwandikie binti kabla hajapanda basi, asije akayasikia njiani. Atanuna siku moja, mbili. Halafu mtamcheka Ngosha na maksai wake pamoja. Na akina mama watamsikiliza kuliko mwanzo, kwa sababu wameshaona kwa macho kinachotokea karatasi yake isipofuatwa.

Ibaki palepale ukutani. Jivunie, nani anakukataza? Ila chini ya mwandiko wake chukua kalamu, na kwa huo mwandiko wako usiopinda ongeza mstari mmoja: Mashudu ya pamba ni ya ng'ombe. Halafu tia sahihi. Jina kamili.