Mstari Mweusi Kwenye Picha

Mwangaluka mayu, mama yangu,

Sasa hivi Shija amegonga tumbo langu kwa kidole, akaweka sikio, akasema, "Mama, amenyamaza." Anamwiga mpimaji wa hospitali ya hapa Bariadi.

Mayu, leo siku ya pili mtoto hajacheza tumboni. Asubuhi walinipima kwa kifaa cha kupiga picha tumboni, lakini mstari mweusi ukapita kwenye picha, palepale penye moyo. Nikalia. Mpimaji akaniambia, "Tulia Mama Shija, giza hilo ni la kifaa, si la mtoto. Kilianguka sakafuni." Akanieleza kwamba ndani ya kile wanachokipitisha tumboni kuna vijiti vyembamba kama vya kigae, vimeshikwa kwa plastiki. Umeme ukivigusa vinatetemeka, vinatuma sauti tusiyoisikia, halafu vinasikiliza ikirudi. Kigae peke yake ni kigumu mno, sauti yake haiingii vizuri mwilini, plastiki ndiyo inayokilainisha. Vijiti vya katikati vimekufa, havisikii.

Kifaa kingine kinaletwa kutoka Maswa. Tupo kwenye benchi, mawingu yamefunga na mvua hainyeshi. Shija anatafuna michembe yako, vile viazi vitamu ulivyotukaushia. Ule uzi wa kulinda mimba ulionifunga kiunoni waliniambia niuvue, nimemfunga yeye mkononi, usidhani nimeutupa.

Najiambia, labda mtoto anajibu, ila hakuna cha kumsikia. Uniombee mayu, nakukumbuka sana. Gari limefika. Mpimaji ananiita, "Mama Shija, njoo na khanga yako." Nikirudi nitakuandikia hapa pembeni kama moyo wake—