Kwa Jonah Khaemba, Aliyerudishwa Kati ya Mabehewa

Saa nne na robo asubuhi ya leo, 12 Machi 1957, umetimia mwaka tangu ulipoingia kati ya mabehewa mawili ya mahindi katika yadi ya Nakuru, Khaemba, kamera ikikutazama. Yalisogea. Hukutoka hai.

Ulikuwa umeunganisha mabehewa kwa miaka kumi na mmoja, na vidole vyako vyote kumi ulikuwa navyo. Hukuingia kabla ya kugonga behewa kwa kiganja na kusikiliza kama injini imetulia.

Siku za mabehewa ya udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi ulirudi na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, ukabisha hodi: "Mama Khisa, fungua, Bwana DC amefika!"

"DC gani mwenye suruali ya viraka?" mkeo Nekoye alijibu, nawe ukacheka kumshinda.

Jirani akiugua, ulimchotea maji kabla ya kwenda kazini. Hukulisema hilo, tuliambiwa matangani.

Siku ile ya kifo chako watu wa sinema walikuja kupiga picha ya namna mizigo inavyosafirishwa kwa reli. Ripoti ya kifo chako ilisema uliingia kwa uzembe, bila kuamriwa na mtu. Kemboi, mwenzako aliyesimama hatua tano tu kutoka kwako, alisema hakuona kitu. Ana watoto sita, na chumba wanacholala ni cha reli.

Novemba tuliiona sinema hiyo katika ukumbi wa landhi, makazi ya wafanyakazi wa reli. Unafunga mnyororo, unatoka. Wingu linafunika jua. Unageuka, unamsikiliza mtu asiyeonekana, unaitikia kwa kichwa, unarudi ndani. Kisha inaonyeshwa bandari.

"Wamemrudisha mwanangu kwa ajili ya jua," mama alisema.

Tuliandika barua, tukaomba waliotoa ripoti waitazame sinema na kuliondoa neno "uzembe" kwenye jina lako. Hatukujibiwa.

Jumamosi iliyopita ilionyeshwa tena. Kwenye benchi la mbele tulikaa sisi ambao hatujakusahau hata siku moja: mama yako Namalwa, mkeo Nekoye, mwanao Khisa, nami nduguyo Nicodemus. Ulifunga mnyororo, ukatoka, na papo hapo ikawa bandari. Wingu halikuwepo.

Kemboi akasimama nyuma yetu. "Pamekatwa hapo! Alitoka salama, bwana wa kamera akamwambia arudie. Mimi nilikuwepo."

"Keti, mzee, unatuziba," mtu akamwambia.

Hakuketi. Aliyasema tena maneno yale yale, akimtazama mnyapara wake, mpaka fundi wa sinema akazima mashine.