Mizizi huchelewa

Shoga, nimejifungia chooni kitaluni. Usinipigie, watanisikia.

Yule mkaguzi wa cheti cha misitu amefika leo. Unakumbuka miche ya bondeni ilivyoliwa na mbuzi, ile ya miaka miwili? Jana bosi kawaamuru vibarua wakate matawi wayachomeke pale, mistari kwa mistari. Nikanyamaza. Tukikosa cheti wabia wanajitoa, na kaka yangu ni mmoja wa hao vibarua.

Basi tuko bondeni, mkaguzi, mama wa watu, kateleza kwenye tope, akashika "mche" asianguke. Ukatoka wote! Chini umekatwa kwa panga, mweupe pee, mzizi hata wa dawa hakuna.

Mama akaugeuza juu chini, akamtazama bosi.

Bosi, bila hata haya: "Muulize huyu, ndiye mtaalamu wetu wa miche."

Mimi! Mdomo ukaniponza: "Aina hii mizizi yake huchelewa."

HUCHELEWA. Miaka miwili, mizizi imechelewa! Nimeyasema hayo mbele za watu.

Mama hakucheka wala hakufoka. Kaandika neno kwa neno, kisha akanipa fomu pamoja na lile tawi. "Kama huu ni mche wa miaka miwili, mwanangu, tia sahihi."

Nikasema tumbo linanikata, nikakimbia.

Sasa bosi yuko mlangoni ananibembeleza: "Dada mtaalamu, toka tumalize." Miaka mitano hajawahi kuniita dada.

Fomu iko gotini. Tawi ninalo mkononi, shoga, na majani yameshaanza kunyauka.